Siku ya Shule na Msimu wa Wazee

Wilayani Tarime na Serengeti, mkoani Mara, mtoto wa shule hulelewa na kalenda mbili. Ya kwanza imebandikwa ukutani ofisini kwa mwalimu mkuu. Ina 6 Februari, siku ya kupinga ukeketaji. 1 Aprili, upandaji miti. 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. 15 Septemba, Siku ya Mara. 11 Oktoba, Siku ya Mtoto wa Kike. 14 Oktoba, Siku ya Nyerere. Kisha zile Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba. Ya pili haikuandikwa popote. Imo vichwani mwa wazee wa inchama, baraza la siri la ukoo kwa Wakurya, ambao hukaa, husoma dalili, kisha hutamka kama mwaka huu watoto wataingia tohara au watasubiri. Kwa muda mrefu sasa uamuzi huo umekuwa ukiangukia zaidi miaka shufwa, kama 2014, 2016, 2018 na 2020, na mwezi wake ni Desemba, shule zikiwa zimefungwa.

Kalenda zote mbili zinasema zinamfundisha mtoto maadili. Zote zina ngoma, nyimbo, chakula na wakubwa wanaotoa nasaha. Ila moja huacha alama ya maisha, na nyingine aghalabu huacha picha ya pamoja na mgeni rasmi. Ni rahisi kusema kwamba mila ina nguvu kwa kuwa watu hawajaelimika. Jibu hilo halitoshi, maana wengi wanaopeleka binti zao kwa ngariba wamepita shuleni na wanaijua kaulimbiu ya mwaka kwa kichwa. Afadhali tuziweke sherehe hizi kando kwa kando, pamoja na za majirani, tuone kila moja inamfundishaje mtoto.

Msimu

Tuanze na kalenda kongwe. Kwa Wakurya, tohara haikuwa kamwe shughuli ya mtoto mmoja na wazazi wake. Ni ukoo unaoingia msimu: Wairege, Wanyabasi, Watimbaru, Wanchari, Warenchoka, Wakira na wengineo, kila ukoo kwa uamuzi wa wazee wake. Waliotahiriwa msimu mmoja wanakuwa saro moja, na saro ina jina ambalo mtu huzeeka nalo. Wawili wa saro moja wakikutana baada ya miaka arobaini, mmoja mkurugenzi na mwingine mchunga ng'ombe, vyeo havina kazi tena. Mtoto wa mwenzako ni mtoto wako, unaweza kumkanya, na binti wa mwenzako huwezi kumposa. Juu ya saro kuna vizazi, amakora, vinavyopokezana majina kwa mzunguko: upande mmoja Wasai, Wanyambureti, Wagamunyere na Wamaina, upande wa pili Wachuma, Wamairabe, Wagini na Wanyangi. Jina la kizazi mtoto hulipata kupitia kwa baba yake, na hilo humwonyesha nani wa kumheshimu kama baba na nani wa kutaniana naye.

Tazama basi jinsi msichana anavyorudishwa nyumbani siku hiyo. Hapiti uchochoroni. Amefunikwa khanga juu ya khanga, noti zimebanwa kifuani kwa pini, mwanamke wa ukoo amemshikia mwavuli uliofunguliwa, na kundi zima linaimba mbele na nyuma yake barabarani. Wavulana nao wana msafara wao, nyuso zimepakwa unga, filimbi zinalia, vijana wakubwa wameshika fimbo na mapanga. Waliokuwa wakimtuma mtoto huyu dukani jana, leo wanampisha njia. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na mtoto huyu anatunzwa siku hiyo kuliko atakavyotunzwa siku nyingine yoyote mpaka harusi yake. Mvulana ataitwa mura, kijana kamili. Msichana hataitwa tena msagane, jina la asiyekeketwa, ambalo kisimani na jikoni kwa mama mkwe ni tusi.

Ukiyatazama kama mwalimu, haya ni mafunzo yaliyopangwa vizuri. Yana wakati wake, yana walimu wanaojulikana, yana kundi la wanafunzi wanaokwenda pamoja, yana jaribio, yana zawadi, na yana cheo kipya kinachotambuliwa na kila mtu kijijini kesho yake. Maadili yanayofundishwa nayo yako wazi: ujasiri, uvumilivu, utii kwa wazee, umoja wa rika.

Kwa msichana, heshima yote hiyo hununuliwa kwa wembe. Analipa kwa damu, kwa maumivu ya kujifungua baadaye, na mara nyingi kwa masomo yake, kwa kuwa aliyekeketwa amekwisha tangazwa kuwa tayari kuolewa na ng'ombe wa mahari wanaanza kuhesabiwa. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 ilimweka mtu anayemkeketa au kumkeketesha msichana wa chini ya miaka 18 kwenye kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 uliwakuta wanawake 32 katika kila 100 wa Mara, wenye miaka 15 hadi 49, wamekeketwa. Ule wa 2022 ukawakuta 28. Kwa Tanzania nzima idadi ilishuka kutoka 10 hadi 8. Mara inashuka, lakini kwa mwendo wa taratibu. Na kuna fedha ndani ya mila hii: ngariba hulipwa kwa kichwa, na sehemu ya malipo hupanda hadi kwa wazee. Msimu unawalisha watu wanaouitisha.

Siku

Sasa twende uwanjani, shuleni, siku ya maadhimisho. Kuna hema la turubai lenye viti vya plastiki kwa ajili ya wageni, na jua kwa ajili ya watoto. Kuna bango la kitambaa lenye kaulimbiu, na spika inayokoroma kabla ya kutoa sauti. Kwaya inaimba, maandamano yanaingia, mgeni rasmi anapokewa kwa skafu. Kisha Darasa la Sita linaleta ngonjera. Mtoto mmoja amefunga khanga kiunoni na kupakwa mvi za chaki: huyo ndiye bibi anayetaka mjukuu akeketwe. Mwingine amevaa koti la baba linalomfika magotini: huyo ni mzee mwenye hamu ya ng'ombe. Wa tatu, mwenye sare safi, anawajibu ubeti kwa ubeti. Umati unacheka bibi anapojikwaa, akina mama wanapiga vigelegele, na ubeti wa mwisho unapofika, bibi na mzee wamekwisha kubali makosa yao, wote watatu wanainamisha vichwa kwa pamoja. Inafuata risala, majibu ya risala, soda, picha. Mchana ukifika, viti vinapakiwa kwenye gari.

Sina dharau na ngonjera. Mathias Mnyampala aliivumisha baada ya Azimio la Arusha la 1967 ili ifundishe siasa ya Ujamaa kwa lugha ya watu, na shule zetu ziliipokea kwa furaha kwa sababu inampa mtoto nafasi ya kusema mbele ya wakubwa. Shida imo katika kanuni yake. Katika ngonjera, mwenye kukosea lazima ashawishike kabla ya ubeti wa mwisho. Mtoto huzoea kushinda kwa hoja. Akifika nyumbani na kumkuta bibi wa kweli, ambaye hakuandikiwa beti za kushindwa, anagundua kwamba shuleni alifundishwa kushinda mjadala ambao kwao haufanyiki. Nyumbani hakuna mjadala. Kuna tarehe, kuna shangazi aliyekwisha nunua khanga, kuna wenzake watakaoingia, na kuna jina atakalobaki nalo akikataa.

Asili ya siku zenyewe nayo inastahili kuangaliwa. Tarehe 16 Juni iliteuliwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ikaadhimishwa kuanzia mwaka 1991, kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliotoka barabarani mwaka 1976 kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi, akiwemo Hector Pieterson aliyekuwa na miaka 12. Ni siku ya watoto waliokataa amri ya wakubwa. Sisi tunaiadhimisha kwa watoto wanaokariri maneno yaliyoandikwa na wakubwa. Tarehe 6 Februari ilitangazwa Addis Ababa mwaka 2003 na Stella Obasanjo, mke wa Rais wa Nigeria wakati huo, kwenye mkutano wa Waafrika wanaopinga mila zenye madhara. Na 25 Novemba inabeba kumbukumbu ya akina dada Mirabal wa Jamhuri ya Dominika, waliouawa mwaka 1960 kwa kumpinga dikteta. Kila moja ina kisa cha mtu aliyelipa gharama kubwa kwa ajili ya jambo aliloliamini, na visa vya namna hiyo ndivyo mtoto hukumbuka. Lakini vinapofika kwenye bango vimebaki kaulimbiu tu.

Tarehe zisizokutana

Kosa kubwa zaidi ni la hesabu tu, na linaonekana ukizilaza kalenda mbili juu ya meza moja. Msichana wa Darasa la Saba anafanya mtihani wa taifa katikati ya Septemba. Baada ya hapo yuko nyumbani hadi Januari, akisubiri matokeo na nafasi ya Kidato cha Kwanza. Ana miaka 13 au 14, umri ambao ngariba anautaka. Ikifika 11 Oktoba, Siku ya Mtoto wa Kike, yeye hayupo tena shuleni. Wanaosikiliza hotuba ni wadogo zake. Tarehe 16 Juni huangukia likizo ya katikati ya mwaka, kwa hiyo shule ama huwaita watoto warudi kwa siku moja ama huitangulizia sherehe. Tarehe 6 Februari inafika majeraha ya Desemba yakiwa yamekwisha kukauka. Siku 16 za Novemba na Desemba ndizo zinazoangukia penyewe, lakini shule zinafungwa katikati yake, na kuanzia hapo shughuli zinahamia kwenye viwanja vya wilaya, mbali na vitongoji.

Wazee wa mila wanajua kalenda ya shule vizuri kuliko shule inavyoijua ya kwao. Msimu uliwekwa Desemba kwa sababu hiyo hiyo: watoto wako nyumbani, jeraha lina wiki za kupona, mavuno na hali ya hewa vinaruhusu. Mwaka 2020 ulithibitisha jambo hili kwa namna ya kusikitisha. Korona ilipofunga shule za Kenya kwa miezi mingi, upande wa Kuria, ng'ambo ya mpaka wa Sirari na Isebania, misafara ya ukeketaji ilionekana barabarani Septemba na Oktoba bila kuungoja mwezi wa Desemba. Mlango wa darasa ulikuwa ukiwalinda wasichana hata pale ambapo hakuna aliyekuwa akifundisha lolote juu ya ukeketaji.

Kwanza mafundisho, kisha sherehe

Mila si pekee iliyofaulu kumlea mtoto kwa sherehe. Dini zimefanya hivyo kwa karne nyingi katika vijiji hivyo hivyo. Mtoto wa Kikatoliki wa Tarime hapewi kipaimara kwa kuwa tarehe imefika. Anahudhuria mafundisho kwa katekista, anahojiwa, anatafutiwa msimamizi ambaye tangu siku hiyo ana wajibu juu yake, ndipo askofu anakuja. Mtoto wa Kiislamu wa Musoma mjini au wa Pwani anakaa chuoni kwa maalim miezi na miaka, akihitimu msahafu ndipo wazazi wanapika pilau na majirani wanaitwa. Maulidi ya Lamu yanawajaza wageni kila mwaka, lakini kijana anayepiga dufu mbele ya Msikiti wa Riyadha ameanza kulipiga muda mrefu kabla wageni hawajashuka bandarini.

Sherehe katika njia hizi ni muhuri unaogongwa chini ya barua iliyokwisha kuandikwa. Siku ya uhamasishaji shuleni mara nyingi ni muhuri uliogongwa kwenye karatasi tupu.

Mfano mzuri zaidi tunao hapo hapo Mara, na jina lake ni sikukuu. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akachongwa meno kwa desturi ya Wazanaki, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akabatizwa Desemba 1943. Mtu mmoja alipita katika shule tatu za maadili: ya ukoo, ya serikali na ya Kanisa. Ya ukoo aliibeba mdomoni maisha yake yote, kila alipocheka mbele ya kamera. Ya Kanisa aliingia baada ya miaka tisa tangu aanze masomo, akiwa mtu mzima wa miaka 21 anayejua anachokubali. Kisha mwaka 1967 yeye mwenyewe aliandika Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe jumuiya inayolima, inayofuga na kuamua mambo yake, ili ushirikiano ufundishwe kwa kazi ya kila siku. Leo 14 Oktoba tunamkumbuka kwa mapumziko, na Mbio za Mwenge hufikia kilele chake siku hiyo. Mtoto wa Mugumu, wilayani Serengeti, hupangwa barabarani kuupokea Mwenge unapopita wilayani kwake, unapita, anarudi nyumbani.

Msimu bila wembe

Je, inawezekana kuwa na msimu kamili, wenye ngoma, zawadi na cheo, lakini usio na wembe? Afrika Mashariki imekwisha kujaribu, tena zaidi ya mara moja.

Pwani na kusini mwa Tanzania kuna unyago. Mwali anawekwa ndani, ana kungwi au somo wake, anafundwa kwa nyimbo na ngoma, anatolewa kwa shangwe na khanga mpya, na kwa makabila mengi ya huko hakatwi popote. Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa msanii wa dunia, lakini kwao alikuwa kwanza kungwi. Unyago unathibitisha kwamba msichana anaweza kuvushwa kuwa mwanamke kwa maneno, siri na heshima. Hata hivyo unyago nao una wakosoaji wake. Huko Lindi na Mtwara ngoma hizo hufanyika sana likizo za Juni na Desemba, na walimu wamelalamika kwamba watoto wadogo wanafundwa mambo ya ndoa na kurudi darasani wakijiona wamemaliza utoto. Wembe ukiondoka, bado lazima tuulize mtoto anafundishwa nini na ana umri gani.

Nchini Kenya, Watharaka walianza mwaka 1996 kile walichokiita Ntanira na Mugambo, tohara ya maneno, kwa msaada wa shirika la Maendeleo ya Wanawake. Wasichana walikaa pamoja wiki nzima, wakafundishwa na wanawake wa kwao, kisha wakatolewa hadharani kwa sherehe mbele ya wazazi. Mpango huo ulisambaa kwa makabila mengine. Ulishika vizuri pale wazazi walipokuwa wamejadili na kukubali kabla ya binti kwenda, na ulilegea pale ulipofanywa na wageni kama kambi tu, msichana akirudi kwenye nyumba ambayo haikubadilika.

Mlima Elgon, Uganda, Wasabiny nao walikuwa wakikeketa Desemba ya miaka shufwa, kama wenzao wa Tarime. Wazee wao waliunda chama chao, na mwaka 1996 wakaingia katika mpango uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa. Walichokifanya ni kuigawa mila: nyimbo, ngoma, zawadi na mafunzo yabaki, wembe uondoke. Wakaanzisha Siku ya Utamaduni wa Wasabiny huko Kapchorwa. Chama hicho kilipata Tuzo ya Idadi ya Watu ya Umoja wa Mataifa mwaka 1998, na Bunge la Uganda likapiga marufuku ukeketaji zaidi ya miaka kumi baadaye, mwaka 2009. Wazee walitangulia, sheria ikafuata. Kwetu sheria ilitangulia kwa miaka mingi, na wazee wengi wamekuwa wakiweka saini matamko mbele ya kamera kisha kuitisha msimu mwaka unapofika. Tofauti iko hapo: Kapchorwa siku ya maadhimisho ilikuwa mali ya wazee wenyewe, ikabeba jina la kabila na kuwapa heshima. Uwanjani kwetu mzee wa mila hukaribishwa kama mtuhumiwa, anakaa kiti cha nyuma na kusikiliza ngonjera inayomcheka.

Masanga na Mugumu

Tarime na Serengeti hazikukaa kimya. Kituo cha Masanga wilayani Tarime kimekuwa kikipokea wasichana msimu unapokaribia, kuwafundisha kwa wiki kadhaa na kuwahitimisha kwa sherehe yenye nyimbo na vyeti. Mugumu, na Butiama vilevile, kuna nyumba salama za shirika la Hope for Girls and Women lililoanzishwa na Rhobi Samwelly, mwanamke wa Mara ambaye mwenyewe alikeketwa na amesimulia hadharani jinsi alivyokaribia kufa. Polisi wa dawati la jinsia na watoto huleta wasichana usiku. Watu wa kujitolea, wengi wao mbali na Tanzania, wamechora kwenye ramani za intaneti vijiji na njia ambazo hazikuwemo, ili gari lijue pa kupita. Januari huja kazi ngumu kuliko zote: kuwaita wazazi, kuzungumza, kuandikishana kwamba binti hatakatwa, kumrudisha nyumbani, kisha kumfuatilia. Wengine hawarudi, kwa kuwa wazazi wanakataa.

Ukilinganisha kazi hii na maadhimisho ya uwanjani, utaona vituo hivi vimejifunza kwa mpinzani wao. Vinafanya kazi Desemba. Vinakusanya kundi, na wasichana waliokaa pamoja wiki hizo wanatoka wakiwa na wenzao, jambo ambalo msagane aliye peke yake kijijini hana. Vina walimu wanaobaki na wajibu baada ya sherehe. Pengo lao ni moja na si dogo: msichana anavushwa mbali na ukoo wake, na cheti chake hakina shahidi kwenye kisima cha kwao. Ndiyo maana upatanisho wa Januari unabeba uzito kuliko mahafali ya Desemba.

Mto nao una siku yake

Mfano wa mwisho hauhusu mwili wa mtoto. Tarehe 15 Septemba ni Siku ya Mara, iliyowekwa mwaka 2012 chini ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria, na Kenya na Tanzania hupokezana kuiandaa. Iliwekwa Septemba kwa sababu ndio wakati nyumbu wanapovuka mto. Kwa mara moja, tarehe ya uhamasishaji imefungwa kwenye jambo ambalo mtoto wa Serengeti anaweza kuliona kwa macho yake. Wanafunzi hupanda miti kingoni na kusikia habari za bonde linalokauka juu, kwenye Msitu wa Mau.

Hata hapa, nyumbani kuna kalenda ya pili. Nyumbu wanapopita, nyama ya porini huingia vijijini, na mtoto aliyepanda mti asubuhi anaweza kuikuta jioni sufuriani. Hawezi kumwita baba yake jangili. Lakini katika vijiji vya Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona, kama Robanda, mapato ya utalii huingia kwenye mfuko wa kijiji, na mjadala wa nyumbu unafanyika mkutanoni kati ya watu wazima wenye kupata na kupoteza. Mtoto anayesikia mjadala huo kwa mwaka mzima anayo maana ya mti alioupanda. Asiyeusikia ana mche tu, na likizo ikiisha mche umeliwa na mbuzi.

Kinachopaswa kuigwa na kinachopaswa kuachwa

Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Ni nafasi. Shule za Tarime na Serengeti zinaweza kulifanya somo hilo kuwa mafundisho yanayotangulia siku, badala ya kuacha siku ijitegemee yenyewe. Kisa cha Soweto kisomwe Mei. Ngonjera ya bibi na mjukuu iandikwe upya na watoto wenyewe, kwa namna ya Tuseme, ile kazi ya sanaa za maonyesho iliyoanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, ambapo wasichana huchunguza tatizo lao, huliigiza na kuamua watakalofanya. Bibi wa ngonjera hiyo asishindwe kirahisi. Aachwe aseme hoja zake zote kwa ukali wake, ili mtoto azoee kuzisikia akiwa na walimu karibu.

Lakini la kwanza kabisa ni tarehe. Fedha za hema, fulana na soda za Februari na Juni zingefaa zaidi kati ya Septemba na Januari, kipindi ambacho mhitimu wa Darasa la Saba hana shule na ukoo una mipango naye. Shule inaweza kuwaweka wahitimu wake pamoja miezi hiyo, kuwapa kazi na mafunzo, kuwaita mama, shangazi na mzee wa saro wawe mashahidi, na Desemba kuwatoa kwa msafara, khanga na zawadi, kwenye barabara ile ile. Kundi hilo lipewe jina na lidumu nalo, ili miaka ishirini baadaye wakikutana Mwanza au Nairobi wajue wanadaiana nini.

Tusiige kila kitu. Saro huwafunga pamoja waliomo kwa kuwafedhehesha walio nje, na ujasiri wake kwa msichana hupimwa kwa kunyamaza akiumizwa. Shule ikichukua nguvu ya msimu pamoja na fedheha yake, itakuwa imebadilisha ngariba tu. Ujasiri unaostahili khanga na mwavuli ni ule wa msichana aliyesema hapana mbele ya watu anaowapenda, na wa baba aliyesimama upande wake huku wenzake wa saro wakimtazama. Ujasiri huo haufundishwi kwa asubuhi moja ya Februari. Unahitaji msimu mzima, na wazee walio tayari kuuitisha.